Madam alitaka kikapu changu kiandikwe jina la binti yake

Wakuu, nawasalimu wote humu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni susu wa wajukuu saba. Shule niliishia class three na hii naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi mnivumilie. Nikidanganya mnifukuze.

Miaka ile kila agency ilikuwa inapeleka wanawake Saudia, nami nikaenda. Mjukuu wa kwanza alikuwa ashazaliwa, na maziwa yake yalinitegemea mimi.

Nikapata kazi Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Nyumba kubwa hiyo, ukimaliza kupiga deki mwisho, mwanzo umeshachafuka.

Siku moja tukasafiri Riyadh kwa mama yake madam. Huko Wajapani walikuwa wamejengewa kijiji cha maonyesho. Vijumba vya mbao, na kila kijumba kina fundi anayekufundisha kazi yake. Wengine wanatia nguo rangi, wengine wanatengeneza karatasi, wengine wanasuka vikapu vya mabua ya mpunga.

Madam akanipa mkoba wake na viatu vya watoto.

"Shika hivi. Usiguse kitu."

Tukaingia kwa vikapu, upande wa wanawake peke yao. Fundi alikuwa mama mzee, mgongo umepinda, kucha zimepasuka. Niliziona zile kucha nikajua huyu ni mwenzangu.

Binti ya madam, Lulu, miaka tisa, alisokota kamba dakika tano akachoka. Akaniwekea mabua mapajani, akaenda na mamake kula aiskrimu. Na madam akikutana na shoga zake harudi haraka.

Sasa wakuu, mimi ni Mkamba. Kiondo nimesuka tangu meno ya utoto hayajang'oka. Mabua yako mapajani halafu niyaangalie tu?

Wale husokota kwa viganja. Sisi husokotea pajani. Sikufikiri hata. Nikavuta abaya juu ya goti, nikatema mate kiganjani, nikaanza.

Wanawake wakageuka wote. Mkalimani wa yule fundi akafunika mdomo.

Yule mama mzee akaja, akanitazama, kisha akakunja suruali yake akajaribu pajani kwake. Ikamshinda. Tulicheka sisi wawili mpaka machozi.

Mkalimani akasema, "Anauliza nani alikufundisha."

"Mama yangu. Mwambie alikuwa mkali kumshinda yeye."

Madam anarudi, nafunga mdomo wa kikapu. Kidogo tu, cha mayai sita.

"Kalondu, aibu. Shusha nguo."

Nikashusha. Hapo alikuwa na haki, nchi ni yao.

Lakini akakigeuza kikapu, akakipenda. Kila kikapu pale hufungwa kibao chenye jina la aliyekisuka. Akaniletea kalamu.

"Andika Lulu."

"Lulu alikuwa anakula aiskrimu, madam."

"Nitakurudisha ofisini kesho."

Waliokuwa Saudia mnajua kurudishwa ofisini kwa agency. Unalala chini na wenzako, mnangoja mtu mwingine aje awachague kama viazi.

Nikaandika KALONDU. Herufi zimelala kila upande.

Mama mzee akakifunga kile kibao mwenyewe, fundo lisilofunguka ila kwa kisu. Kisha akaniinamia. Nami nikamwinamia, mkoba wa madam ukaanguka.

Ofisini sikurudishwa. Kupika kwangu alikuwa anakupenda. Ila wiki mbili hakunisemesha, simu yangu akaifungia kabatini, kikapu akakitupa stoo.

Contract ilipoisha nilikitoa stoo mwenyewe, halas, basi. Alikiona mkononi mwangu mlangoni. Alitazama pembeni.

Nilichojifunza ni hiki. Kazi yote niliyofanya nyumba ile haikuwa na pa kuandika jina. Sakafu haina kibao. Sufuria haina kibao. Hii moja ilikuwa nacho.

Walioshika mikoba ya wenyewe huko, semeni yenu hapa chini. Na wewe unayetaka kuniambia ningeandika tu Lulu yaishe, karibu pia, njoo tuonane.

Kikapu kiko jikoni kwangu, kina mayai. Mjukuu wangu aliyesoma ananiambia ile D niliigeuza nyuma mbele.

Nimemwambia asiiguse.