Mgunga Uliosimama Mbele ya Tenga la Tatu

Barua ya shangazi yangu wa Umwe ilinikuta Dar es Salaam, nimemaliza chuo na sina kazi. Mfanyabiashara wa mkaa alikuwa anautaka msitu ulio nyuma ya nyumba yake, lakini binamu yangu Hamisi aliung'ang'ania kwa ajili ya mchezo wa kurusha sahani. "Wewe ndiye uliyesoma. Njoo utuamulie," aliandika.

Jumatano asubuhi nilidandia lori la mitumba. Hadi Kibiti nilikuwa najiuliza: watu wazima wanarushaje sahani porini? Sahani za nini, za wali?

Jioni, Hamisi alinipokea akicheka. Zilikuwa sahani bapa za plastiki, zilizoachwa na mwalimu mgeni. Unarusha moja mpaka itue ndani ya tenga lililoning'inizwa mtini, kisha unaendea tenga la pili, hadi la tisa. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi.

"Yaani anayecheza kidogo ndiye anayeshinda?"

"Ndiyo, msomi. Rusha basi."

Alhamisi nilirusha. Mbele ya tenga la tatu mgunga ulisimama katikati ya njia, nikaugonga mara tano. Wachezaji wenzake Hamisi walishika mbavu kwa kicheko. Nikasema mti ule ni kosa, ukatwe. Hamisi alikataa katakata, lakini shangazi akasema msomi keshasema. Shoka likaletwa.

Ijumaa, baada ya swala, kila mtu alilifikia tenga lile kwa mtupo mmoja. Hakuna aliyecheka.

"Hapa sasa pa kuanikia mpunga," alisema Mwajuma, hodari kuliko wote, akaenda zake. Wengine wakamfuata. Sikuelewa. Si nimewarahisishia?

Jumamosi Hamisi alilihamishia tenga lile nyuma ya miti miwili. Ulikuwa unaliona vizuri, ila ilibidi uchague: upenyeze sahani katikati, au uizungushe kulia, mbali zaidi. Mwajuma alirudi.

"Penyeza!" mmoja alinipigia kelele.

"Thubutu! Zungusha, mwoga wewe!" mwingine akanikejeli.

Nilipenyeza, nikakosa. Nikazungusha, nikakosa, tena na tena.

Jumapili mwenye mkaa alikuwa barazani akisubiri jibu.

"Haya baba, niuze?" shangazi aliniuliza.

"Usiuze."

"Kwa nini?"

"Jana nimekosa mara saba, shangazi, na bado nataka kurudi mle."

"Hiyo ndiyo elimu yenyewe?" Alicheka, kisha akamwambia mwenye mkaa achukue ule mgunga uliokatwa, basi.

Lori la kunirudisha Dar es Salaam lilipopita Kibiti bado sikuweza kueleza kwa nini mtu afurahie kuzuiwa njia. Nilichojifunza ni kidogo: kabla ya kuuita ule mti kosa, ilinipasa niwaulize kwanza wale watu walikuwa wanacheka nini.