Dawa Iliyokaa Chini

Bado nina hasira na meneja yule. Tangu nilipoacha shule nimevua samaki Mtera, nimepalilia mpunga Bahi, nimebeba zege Msalato. Mabosi wa matusi nimewazoea. Huyu hakutukana mtu. Alikuwa mpole, na alikuwa ametoka kiwanda cha juisi.

Kiwanda chetu kilikuwa cha dawa, nje kidogo ya Dodoma, nami nilihudumia tangi. Mkemia alikuwa dada wa Kondoa, mdogo kwangu. Kazi yake ilikuwa kuchukua dawa ya homa ya watoto aliyoifanikisha kwenye chombo kidogo na kuifanya itoke vilevile kwenye tangi kubwa. Nilimuuliza kwa nini asizidishe tu vipimo.

Akacheka. "Kaka, kupikia watu wanne na kupikia msiba, moto ni ule ule?"

Kulikuwa na unga wa kuyafanya maji yawe mazito ili dawa isizame chini. Ulitakiwa kunyunyizwa polepole, asubuhi nzima, tangi likikoroga. Lakini kesho yake wageni walikuwa wanakuja kuona tangi la kwanza. Dada alipokwenda maabara, meneja akaniambia nimimine mifuko yote. Nikamwambia mkemia amekataza.

"Kwani mkemia ndiye anakulipa?" Akaimimina mwenyewe.

Madonge yakaelea kama maandazi. Hakushtuka. "Tutachuja. Kwenye juisi tulikuwa tunachuja kila siku."

Akayachuja, na unga ukaondoka na madonge. Dawa ikabaki laini, ya rangi ya waridi, ya kutamanisha. Dada aliporudi akaitazama, akajaza chupa moja, akaiweka dirishani.

Asubuhi dawa yote ilikuwa imekaa chini, tope jeupe. Juu yake maji matamu.

"Mtoto ataanza kwa kunywa sukari, homa haishuki," dada akamwambia meneja. "Akifika chini atakunywa dozi ya kumharibu ini."

"Tutaandika kwenye chupa: tikisa kabla ya kutumia."

Dada akamkabidhi ile chupa. "Tikisa, bosi."

Akatikisa. Tope halikubanduka. Akatikisa kwa mikono miwili mpaka tai ikamrukia begani. Kisha akaiweka chupa mezani taratibu, akanigeukia mimi. "Wageni wako njiani. Anza kujaza chupa."

Hata leo nikiikumbuka sauti ile, isiyo na wasiwasi wowote, nakunja ngumi.

Dada hakubishana. Aliunganisha mpira kutoka tangi la dawa hadi tangi la taka, akafungua koki. Mimi nikawasha pampu.

Wageni walikuta tangi tupu, linang'aa. Meneja akawaambia leo ni siku ya usafi. Wakamsifu kwa usafi, wakapiga naye picha. Mchana dada akafukuzwa kazi. Mimi hakuniona hata kama mtu wa kufukuzwa, nikavua gwanda, nikatoka.

Nilimkuta getini anasubiri bodaboda, viatu vyake vya kazi kwenye mfuko wa plastiki.

"Kaka, pampu umeisuuza?"

"Dada, pampu ya nini tena?"

"Sukari ikikauka mle, dawa ya kesho itaharibika."

Nikamjibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. Kisha nikarudi ndani, nikaisuuza huku natukana.