Nimewaita ng'ombe wa watu kwa spika

Jamani, leo panga limetolewa hapa kijijini Rudewa kwa sababu ya spika yangu!

Nafanya utafiti wa nyimbo za wafugaji ili zifundishwe shuleni. Nikamrekodi mfugaji mmoja, Mama Neema, akiwaita ng'ombe wake kwa wimbo, kisha nikamfungulia wimbo kwenye spika ajisikie. Sauti juu kabisa.

Ng'ombe wakaja mbio!

Wakakatiza mahindi ya jirani yake, Mzee Salumu. Mzee katoka na panga. Wana wa Mama Neema nao wakashika fimbo.

"Nani kawaita?" Mzee akauliza.

"Shikamoo babu. Ni mimi."

"Zima hiyo!" Mama Neema akanifokea. Akaimba mwenyewe, ng'ombe wakamfuata. Panga likashuka.

Nimeomba radhi mpaka basi. Mzee kaingia ndani bila kuitikia shikamoo yangu.

Niambieni, kesho narudi pale na sura gani?