Vitufe Vinavyoteleza

Jumanne, katika duka la kompyuta hapa Dodoma, nilisimama nyuma ya dada mmoja ambaye miguu yake haikutulia. Kesho yake alikuwa na usaili wa kupiga chapa kwenye ofisi moja kule Mtumba, naye alitaka vifuniko vipya vya vitufe vya kibodi yake. Muuzaji alimwekea aina mbili mezani: vya plastiki laini inayong'aa, na vya plastiki ngumu inayokwaruza kidogo.

Akavipapasa. Akaomba maji, akalowesha vidole, akavipapasa tena.

"Dada, unaniharibia bidhaa," muuzaji akasema.

"Hata zabibu huwa naonja kwanza, kaka. Nikiwa na hofu mikono yangu inatoka jasho. Usaili uliopita vidole viliteleza, nikaandika upuuzi mtupu."

Alichagua vigumu, akavirudisha, akavitaka tena. Mama mmoja kwenye foleni akaguna.

"Mwanangu, huko kwenye usaili kila mtu anakwenda na kibodi yake?"

Dada akamgeukia.

"Hapana, mama. Tunatumia za kwao."

"Za kwao zikoje?"

"Zimechakaa. Zinang'aa kama sahani."

Akavisukuma vile vigumu kwa muuzaji. "Nipe hivi vinavyoteleza. Nikavifanyie mazoezi leo."

Nimeona wengi wakinunua kitu kizuri ili wajiamini. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akilipia kibaya kwa sababu hiyohiyo, na nadhani wasaili walipata shida kumkataa.