Mashahidi Wanne wa Mama Kago

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilianza na begi moja la mitumba, leo najaza makontena. Darasa la nne nimeishia, lakini soko zima la Shahe, hapa Guangzhou, wananiita laoban, yaani bosi, na neno langu tu linatosha mtu kupewa mzigo kwa mkopo.

Ijumaa moja, baada ya swala, tulikuwa tunakula kwenye mgahawa wa jengo la Tianxiu. Wanafunzi wa kwetu wanaosoma chuo huku wakawa wanabishana kuhusu sheria za zinaa. Kuna nchi mwanamke aliyebakwa akishtaki bila mashahidi wanne, anageuziwa kesi yeye. Zirekebishwe au ziachwe? Nikadakia. Mimi nikiwepo, meza haikosi mwenyekiti.

"Sheria ya Mungu haipunguzwi kama suruali! Mashahidi wanne ni wanne."

Binti wa Unguja anayesomea sheria akaweka kijiko. "Sawa, mjomba. Na wako wako wapi?"

"Wangu wa nini?"

"Wa mama kago," akasema, akimtaja mama anayetusafirishia mizigo. "Si ulisema humu humu umemwona anatoka hotelini na Mkongo? Mashahidi wanne waliwekwa kumlinda mwanamke na midomo kama hiyo, na sisi tunadai sheria irudi kwenye kazi yake. Asiyewaleta ni viboko themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena."

"Bosi, vua shati!" mtu akapiga kelele. Wakacheka.

Sikumaliza wali. Nikapanda ngazi za Tianxiu, nikashuka, nikapanda tena. Guangzhou hakuna wa kunichapa. Lakini neno lisilokubaliwa? Mimi sina cheti, nina mdomo tu. Na yule mama, tangu niseme, wateja walimhama, kodi ya ofisi inamshinda. Nilichoona mimi ni watu wawili mlangoni mwa hoteli na mabegi yao. Basi.

Nikaingia ofisini kwake. Hakunipa kiti.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya pembeni siitaki, kaka. Uliyasema mbele ya watu wanakula. Waite wale wale, uwalishe, useme hukuona kitu."

Ijumaa iliyofuata nikasimama mbele ya wale wale, nikasema sikuona kitu. Binti akaniuliza kama sheria zile bado zisiguswe. Nikamjibu, zinavyotumiwa hivyo, ziguswe. Mama kago alikaa hadi sahani ya mwisho, akitazama sura moja moja. Watu ishirini na wanne, wali, kuku na chai: nikalipa yuan elfu moja mia sita themanini.