Mama Swichi na Funguo za Majirani

Jengo zima walimwita Mama Swichi. Alikuwa dobi wa hospitali hadi alipostaafu, sasa akiishi peke yake chumba cha chini, karibu na mita za umeme. Mumewe alishafariki. Binti yake wa pekee alifanya kazi nchi ya mbali, na simu zake zilikuwa za kutafuta kwa tochi.

Umeme ulipenda kukatika mchana, majirani wakiwa kazini. Kukatika si neno. Balaa lilikuwa kurudi, maana ulirudi kwa kishindo. Televisheni ya jirani mmoja, fundi cherehani, ilipoungua, watu wakaanza kumwachia funguo. Umeme ukizimika tu, Mama Swichi alipanda ngazi akihema, akaingia nyumba moja baada ya nyingine kuchomoa friji, redio na kompyuta. Ukirudi hakuwa na papara. Aliketi kwenye makochi ya watu akingoja utulie, ndipo achomeke kimoja kimoja.

Kungoja huko ndiko kulikokuwa starehe yake. Alitazama picha za harusi ukutani, akakunja nguo za watoto zilizotupwa ovyo, akaongea na paka wa jirani mwingine, nesi: "Na wewe leo umekula?"

Kisha mwenye jengo akaleta fundi umeme, naye akafunga kifaa kwenye laini kuu. Umeme ukirudi, kifaa chenyewe kinausubiri utulie kabla ya kuupitisha.

"Sasa pumzika, mama," nesi alimwambia, akichukua ufunguo wake. "Tumekutesa sana na hizi ngazi."

"Hamkunitesa, mwanangu."

"Kwa magoti hayo?"

"Magoti yamekushtakia lini?"

Wakacheka. Wiki haikuisha, funguo zote zikawa zimeondoka, kila mmoja na asante yake.

Umeme ulipokatika tena, alipanda hivyo hivyo. Milango yote ilikuwa imefungwa. Akasimama koridoni mpaka uliporudi, akasikia friji zikianza kunguruma huko ndani. Hakuna kilichoungua.

Akampigia binti yake.

"Mama, niko kazini. Kuna shida?"

"Hakuna. Umeme umerudi tu."

"Haya, nitakupigia."

Siku hizi jioni hukaa kwenye kigoda mlangoni, watu wakirudi. Wanamwamkia, naye humuuliza kila mmoja: "Friji inagandisha?"

"Inagandisha, mama," hujibu, huku wakipanda ngazi.