Bawa Lisiloshonwa

Nakhungu alipokubali kwenda Kitale kuwashonea Wazungu ndege yao ya zamani, watu wa Kanduyi walidhani amesamehe. Walikosea sana. Kifuani, ndani ya gauni, alikuwa amebeba kibiriti ambacho hakijapungua njiti hata moja.

Mwaka ulikuwa 1954. Nakhungu alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye mdomo ambao wateja wake walijifunza kuuheshimu. Alizaliwa Matulo, akafundishwa kushona misheni, na kwa miaka mingi cherehani yake ilikaa barazani kwa Lajwanti, mjane wa Kihindi aliyeuza vitambaa. Wawili hao waligombana kila Jumatatu na kupatana kila Jumanne. Lajwanti ndiye aliyemtaja kwa Pritam Singh, fundi seremala wa Kitale, aliyekuja akitafuta mtu mwenye mkono wa kushona turubai bila kuruka hata tundu moja.

"Ni ndege, mama," Pritam alisema. "Ile ndogo ya mabawa mawili. Ilianguka zamani. Sasa Wazungu nataka kuiweka kwa banda, watu waje kuona. Lakini mshahara hakuna. Sisi wote tunajitolea."

"Ndege gani?"

"Ile wafanyakazi naita Panzi."

Lajwanti aliyekuwa akipima kaniki aliacha kupima. Alijua. Nakhungu naye alikata uzi kwa meno, akakunja gauni la mtu lililokuwa halijakwisha, akasema, "Nitakuja. Hata mimi nitajitolea."

Panzi ndiyo iliyomla mumewe. Miaka kumi na sita nyuma, Wabwile, kijana wa Bumula, alifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Kitale. Uwanja ni jina tu. Ulikuwa shamba la nyasi, na kazi ya Wabwile ilikuwa kufyeka nyasi hizo, kufukuza ng'ombe kabla ndege haijatua, kupaka grisi, na kuzungusha pangaboi la mbele hadi injini ikohoe. Mwenye ndege alikuwa mlowezi ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mashoto, kwa sababu alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Shamba lake lilipakana na uwanja, na lilijulikana Trans Nzoia nzima kwa jambo moja: Bwana Mashoto alitengeneza kila kitu kwa seng'enge. Geti likivunjika, seng'enge. Jembe la ng'ombe likilegea, seng'enge. Hata kitanda cha mkewe, yaya alisema, kilifungwa seng'enge mguuni. Na kwa kuwa alisokota kwa kushoto, vifundo vyake vilielekea upande ambao hakuna mtu mwingine aliyevielekeza. Nakhungu aliwahi kuanika nguo za mtoto wao Lenah juu ya ua huo, akachanwa vidole mara nyingi. Alivijua vifundo hivyo kwa damu yake.

Februari ya 1938, Bwana Mashoto alipanda angani na kijana wa Kizungu jina lake Talbot, mdogo wake Memsahib Talbot wa shamba la jirani. Walipokata kona, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoiinamisha ndege kilikataa kutii. Panzi ikajipiga chini katikati ya mabua. Kijana alikufa papo hapo. Bwana Mashoto alitoka na mfupa wa bega uliovunjika, na ulimi mzima.

Ulimi huo aliupeleka mahakamani. Aliapa kwamba alimwamuru Wabwile kukaza bolti ya kipande kile, na Wabwile, akiwa amelewa busaa, akasahau. Wabwile! Mtu aliyekataa busaa hata harusini kwake, wazee wakanuna! Pritam, aliyekuwa seremala wa ndege hiyo, aliulizwa kama amechungulia ndani ya bawa baada ya ajali. Akasema hakuchungulia. Hakimu akatoa miaka miwili.

Nakhungu aliruhusiwa kumwona mumewe mara moja tu.

"Mama Lenah," Wabwile alimwambia, "mimi sikugusa hiyo bawa. Bwana alinituma nifukuze ng'ombe. Kurudi, namkuta anatoka chini yake na plaisi ya waya mkononi. Niliambia hakimu hivyo hivyo. Aliandika neno moja tu, ati nakana."

Mwezi wa nane, nimonia ilimmaliza humo humo jela. Nakhungu alirudi Bungoma na cherehani, na Lenah mgongoni, na chuki ambayo hakuiombea Mungu aipunguze. Kanisani wengine walipofumba macho kusamehe waliowakosea, yeye aliyaacha wazi.

Sasa alikuwa mbele ya Panzi tena, katika banda lililojengwa kando ya uwanja ule ule. Memsahib Talbot, mwanamke mfupi asiyecheka, alikuwa ameokota kila kipande siku ile na kukificha katika ghala lake la mahindi miaka yote hiyo, kwa ajili ya mdogo wake. Wazungu wachache waliokuwa marubani vitani, pamoja na Pritam, walikuwa wakimsaidia kila Jumamosi kuunganisha mifupa. Mwenyekiti wao alikuwa nani? Bwana Mashoto. Si ndiye shujaa aliyepona? Kisa cha ajali hiyo alikuwa amekisimulia klabuni hadi kikang'aa. Yeye hakumtambua Nakhungu hata kidogo. Kwake alikuwa mama wa kushona tu.

Memsahib alikuwa na sheria moja. "Kila kitu iliruka na ndege, inabaki na ndege," alisema siku ya kwanza. "Hata msumari ya kutu. Hakuna mtu natoa." Waliipigia kura. Bwana Mashoto aliinua mkono kabla ya wote.

Nakhungu alipewa bawa la kushoto, lililopona kuliko lile jingine, afumue kitambaa kilichooza. Mpango wake ulikuwa rahisi: ile rangi ya kukazia kitambaa, yenye harufu ya kupanda kichwani, huwaka kama petroli. Angesubiri mkebe ufunguliwe, kisha njiti moja tu. Alifumua akiwaza moto. Alifumua mshono baada ya mshono, akivuta uzi wa zamani uliopakwa nta, hadi kitambaa kikaachia na mwanga ukaingia ndani ya mbao.

Hapakuwa na bolti. Hapakuwa na tundu la bolti lililolegea. Mahali pa bolti palikuwa na seng'enge, iliyosokotwa mara nne na kukatika katikati. Na ilikuwa imesokotwa kwa kushoto.

Nakhungu alipitisha kidole juu ya kifundo kile, akakijua.

Pritam alikuja, akainama, akaona. "Mama," alisema, "mimi iko na watoto sita wakati ule. Bwana alisema, Singh, wewe usifungue bawa. Mimi sikufungua."

"Mimi nilikuwa na mmoja," Nakhungu akajibu. "Na baba yake."

Hapo Pritam alimjua ni nani, akafunika uso. Kisha akanyoosha mkono kwenye seng'enge, labda kuitoa na kumpa. Nakhungu akampiga mkono huo kofi kali lililosikika bandani kote.

"Usiguse! Iliruka na ndege. Inabaki na ndege."

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Kuichoma Panzi kungekuwa kumfanyia Bwana Mashoto kazi yake. La. Ndege hii ilipaswa kuishi. Alitoa kibiriti kifuani, akamrushia Pritam. "Washa stovu, fundi. Tunywe chai."

Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeitunza Panzi kama Nakhungu. Alifukuza panya, akabomoa viota vya nyigu, akamwagia mchwa mafuta ya taa. Memsahib aliposema anataka bawa moja liachwe bila kitambaa, wageni waone mbao zake, Nakhungu alikuwa wa kwanza kujibu.

"Hii ya kushoto, Memsahib. Mbao zake ni safi."

Memsahib alikubali. Alipiga kila kitu picha, akakifungia kikaratasi cha namba. Seng'enge ilipata namba thelathini na moja. Memsahib aliiandika bila kuitazama mara mbili. Kwake waya ni waya. Nakhungu angeweza kumwambia papo hapo. Hakumwambia. Alitaka watu. Mumewe alichafuliwa mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo angesafishwa.

Bwana Mashoto, aliyekuwa mwenyekiti wa jina tu, alikuja wiki mbili kabla ya ufunguzi, akazunguka ndege akijisifu, akafika kwenye bawa la kushoto. Masikio yake yalibadilika rangi. Kwa Memsahib alisema bawa lote lifunikwe, lisiingie vumbi. Memsahib akamwuliza vumbi gani, akasema bawa litabaki wazi. Jumamosi iliyofuata Nakhungu alimkuta bandani peke yake, mfuko wa koti umevimba.

"Bwana natafuta nini? Nisaidie?"

"Hapana. Mimi natazama tu."

"Iko namba thelathini na moja, kama ni hiyo," Nakhungu alisema kwa upole wote aliokuwa nao. "Memsahib iko na picha yake."

Alimtazama akiondoka na plaisi yake mfukoni, na moyo wake ukashiba kama mtu aliyekula ugali wa moto.

Siku ya ufunguzi Wazungu walijaa mbele, Waafrika na Wahindi nyuma. Bwana Mashoto alihutubia kwa sauti ndogo, akakaa haraka. Watu wakaanza kuzunguka. Hakuhitajika hila yoyote. Kimaiyo, mzee aliyekuwa akirekebisha ua wa Bwana Mashoto kwa miaka ishirini, alifika kwenye bawa wazi, akaona kitu anachokijua, akafurahi.

"Ee!" alipaza sauti. "Si hii ni mkono ya Bwana? Hata ndege alifunga seng'enge!"

Akacheka. Wenzake wawili wakacheka. Kisha wakanyamaza, maana Memsahib alikuwa amegeuka.

"Anasema nini?"

Kimaiyo alirudi nyuma. Nakhungu ndiye aliyesogea mbele.

"Anasema hii kifundo ni ya Bwana, Memsahib. Kortini alisema ilikuwa bolti, na Wabwile alisahau kuikaza. Hakuna bolti. Na mimi nilikuwa bibi ya Wabwile."

Memsahib Talbot alitoka bandani. Watu wote walimtazama akitembea hatua hamsini hadi kwenye ua wa Bwana Mashoto, kofia yake ikipeperuka, akainama juu ya waya, akashika kifundo kimoja, akashika cha pili, cha tatu. Alirudi hivyo hivyo, polepole. Alisimama mbele ya Bwana Mashoto, akamwambia jambo moja fupi kwa Kiingereza. Nakhungu hakulielewa, wala hakuhitaji. Mzungu yule aliinuka akatoka, na hakuna aliyempisha njia.

Kesi haikufufuliwa. Nani angeifufua? Lakini klabuni hakuna aliyekaa meza moja naye, na Memsahib alimkabidhi Nakhungu ufunguo wa banda. Hawakuwa marafiki. Memsahib alikuwa amemchukia Wabwile miaka kumi na sita, na hakujua pa kuipeleka aibu yake. Nakhungu alihamia Kitale na cherehani. Kila Jumamosi alifungua mlango, na mgeni yeyote, kabla ya kuonyeshwa injini au usukani, aliambiwa kwanza jina la Wabwile.

Mwaka wa 1958 Bwana Mashoto alikuja bandani. Alikuwa amezeeka, ameuza shamba.

"Mama," alisema, neno ambalo hakuwahi kumwita. "Mtoto yangu ya msichana nakuja kutoka Ulaya. Watu naambia yeye maneno. Nataka wewe shona hii bawa. Tafadhali."

Nakhungu aliweka ufagio chini. "Andika," akamwambia. "Andika kile ulifanya. Jina ya Wabwile yote, na jina yako yote."

Aliandika kwenye karatasi aliyoiweka juu ya bawa lile lile, kwa mkono wa kushoto, akifuta jasho. Yeye ndiye aliyefunga seng'enge. Wabwile hakuigusa ndege. Aliapa uongo. Nakhungu alimfanya asome kwa sauti, kwa Kiswahili, mara mbili. Kisha akatoa sindano na uzi.

Aliishona karatasi ile kwenye ubavu wa ndege, kando ya bawa, kwa mishono midogo ya nta isiyofumuka.

"Ulisema utashona bawa!"

"Nilisema uandike," Nakhungu akajibu. "Ya kushona, sikusema kitu."

Mtu akisema alikuwa mkatili, na aseme. Alifurahi. Tusidanganyane, alifurahi hadi usingizini.

Jumamosi hiyo msichana alikuja, mwembamba, wa miaka ishirini hivi, mwenye macho ya mtu aliyelia njiani. Baba yake alibaki nje kwenye gari. Nakhungu alimkaribisha, akamwongoza moja kwa moja kwenye karatasi, akangoja. Alingoja machozi, au hasira, au kisingizio. Majibu ya yote matatu alikuwa nayo tayari.

Msichana alisoma hadi mwisho. Akarudia. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha utotoni mwake, taratibu:

"Yeye alizikwa wapi?"

Katika miaka ishirini hakuna Mzungu aliyewahi kumwuliza hilo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujibiwa. Jela haikumpa mwili wala kaburi. Lakini hakumpa mtu machozi yake.

"Muulize baba yako," alisema.

Msichana alitoka. Nakhungu alivuta kiti hadi mlangoni, akaketi. Alimwona msichana akiinamia dirisha la gari na kuuliza. Alimwona mzee akitikisa kichwa. Msichana akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, na mzee akatazama usukani.